Safari ya kwanza ya semi-trela, Dar es Salaam hadi Tunduma: naomba mwongozo wa wazoefu

Dereva Mgeni
Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za kazi. Nimeendesha Fuso kwa miaka minne, mizigo ya mjini na mara chache Morogoro, na sasa nimepata kazi ya semi-trela yenye ekseli sita. Wiki ijayo napakia mbolea kwenda Tunduma, na nikishaizoea njia tajiri anataka nivuke hadi Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, kufuata shaba. Leseni ya daraja E ninayo, lakini kila ninayemuuliza ananitisha kwa Kitonga tu, haniambii nifanye nini nikifika hapo. Naomba mnielekeze kuhusu milima na mizani, maana hayo mawili ndiyo yanayoninyima usingizi.

Mzee wa Njia Kuu
Marahaba mdogo wangu. Wanaokutisha kwa Kitonga hawajakosea mlima, wamekosea safari. Ukitoka Dar na mzigo, Kitonga unaipanda: ukishapita Ruaha Mbuyuni, ingiza gia nzito (ya namba ndogo) mapema na ukae nayo, kwa sababu gia ikikataa kuingia katikati ya kona, gari la tani 50 litaanza kurudi nyuma wakati kuna basi limekuganda. Kitonga ya kuogopwa ni ile ya kurudi, ukiwa umebeba shaba.

Kwa safari yako hii, uogope mteremko wa Iwambi, unaotoka Mbeya kuingia Mbalizi. Unaufikia baada ya kilomita zaidi ya 800, mwili umechoka na akili imeshatangulia Tunduma, na chini yake hakuna pori bali bodaboda, maduka na watu wanaovuka barabara. Simama kabla ya kuuanza. Angalia geji ya upepo wa breki, zunguka gari, sogeza kiganja karibu na kila ringi bila kuigusa. Ringi moja ikiwa na joto kuliko wenzake, ujue breki yake imeng'ang'ania, na usishuke mpaka ijulikane sababu.

Mimi katika mwaka wangu wa pili nilishuka mlima nikiwa nimeegemeza mguu kwenye breki mwanzo hadi mwisho. Nilianza kusikia harufu, kisha nikaona moshi kwenye kioo cha kushoto. Ngoma ya breki ikishika moto hutanuka na kukimbia lainingi (bitana inayoisugua ngoma), kwa hiyo pedali ilikuwa ngumu vilevile kama siku zote. Mguu wangu ulikuwa na breki, gari halikuwa nayo. Kilichoniokoa ni kipande cha kupanda kilichokuwa mbele, na si kila mteremko unacho. Tangu siku hiyo nakanyaga kwa nguvu mara moja, mwendo ukishuka naachia, breki zipumue, kazi nyingine naiachia gia. Kanuni tuliyofundishwa ni kushuka kwa gia ileile uliyopandia.

Fundi na Dereva
Kwa heshima zote mzee wangu, kanuni hiyo ya mwisho ilikuwa sahihi kwa magari ya zamani. Injini za sasa zina nguvu nyingi na zinapanda kwa gia nyepesi, kwa hiyo ukishuka kwa gia hiyohiyo umeshajiponza. Ashuke kwa gia nzito zaidi, na aiingize akiwa bado juu, kwa sababu gari likishachukua kasi, gia haitakubali kurudi. Kama gari lina retada, yaani kifaa cha kupunguza mwendo bila kukanyaga breki, aitumie, isipokuwa trela likiwa tupu na barabara imelowa: hapo retada huzishika tairi za kichwa peke yake, trela likaendelea kusukuma, na gari likajikunja.

Kuna jambo ambalo hatupendi kulisema hadharani. Magari mengi tunayoambiwa "yameferi breki" yalikuwa frii. Dereva anatoa gia mteremkoni ili aokoe dizeli, na dizeli hiyo anaiuza njiani kwa madumu. Mdogo wangu, watu watakufundisha mchezo huo wiki ya kwanza, tena watauita ujanja. Gari likiwa frii, injini haizuii chochote na breki zinabeba tani zote 50 peke yake.

Mama Mizani
Mimi si dereva, ninasimamia upakiaji, kwa hiyo nitajibu la mizani. Kwa gari lako, ukomo ni tani 8 kwa ekseli ya mbele, 18 kwa ekseli mbili za nyuma ya kichwa, na 24 kwa zile tatu za trela, jumla tani 50. Wageni hushika ile 50 na kusahau mgawanyo. Tulishawahi kutoa gari la tani 48 likazuiwa mizani ya Vigwaza, kwa sababu vibarua walilundika mifuko mbele ya trela ili wamalize haraka, ikaelemea kichwa, na siku nzima ikaishia kwenye kupanga upya mzigo juani. Simama hapo wakati wa kupakia. Usilale kwenye kabini.

Dereva Mgeni
Nawashukuru sana. Gari ni la gia za kawaida na halina retada, lina breki ya egzosti tu, ile ya kubana moshi wa injini. Naomba kuuliza moja: tajiri akipiga simu akaona kwenye mtambo wake wa kufuatilia gari kwamba nimesimama Mbeya, nimjibu nini? Ameshaniambia hapendi gari kusimama ovyo.

Mzee wa Njia Kuu
Usisubiri akupigie. Mpigie wewe kabla ya kusimama, umwambie unakagua breki juu ya Iwambi na utachukua nusu saa. Tajiri mwenye akili anajua bei ya trela. Halafu ukifika hapo jioni, mwambie unalala, usishuke: lala Mbeya, fungua matangi ya upepo maji yatoke, na ushuke asubuhi kukiwa na mwanga. Foleni ya Tunduma utaikuta tu.

Fundi na Dereva
Na tingo wako (msaidizi wa gari) asiache barabarani mawe ya kuzuia tairi mkishaondoka. Asukume yote pembeni, kuna pikipiki usiku.