Asilimia 97 au 93: tumpeleke dada hospitali ipi kupandikizwa figo?

Wanajukwaa, shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Dada yangu husafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara, na vipimo vimeonyesha kwamba ninaweza kumpa figo yangu moja. Hospitali ya kwanza inasema asilimia 97 ya figo ilizopandikiza zilikuwa zikifanya kazi baada ya mwaka mmoja. Ya pili inasema 93. Familia imeshaichagua ya kwanza. Mimi nasita, kwa kuwa sijui hesabu hizo zilipatikanaje.

Muuguzi wa figo: Ndugu, uliza kwanza waliopandikizwa walikuwa wagonjwa wa namna gani. Figo ya mtoaji aliye hai kwa kawaida hudumu kuliko ya marehemu, na mzee mwenye kisukari hawezi kulinganishwa na kijana, hivyo hospitali inayowapokea wagonjwa wagumu yaweza kuonekana duni ilhali madaktari wake ni hodari. Ndiyo maana Marekani, ambako matokeo ya kila kituo hutangazwa mara mbili kwa mwaka, figo zilizoshindwa hulinganishwa na idadi iliyotarajiwa kulingana na hali ya wagonjwa na ya figo zenyewe. Hata hivyo, masharti yalipokazwa huko mwaka 2007, vituo vilivyohofia kufungiwa vilianza kuwakwepa wagonjwa wa hatari. Jambo hili linaniuma, kwani anayekataliwa haingii katika takwimu za upasuaji.

Mwalimu wa hesabu: Uliza pia idadi yao. Kati ya wagonjwa 30, mmoja akipoteza figo ni asilimia 97. Wakiwa wawili ni 93. Yaani huenda familia inachagua kwa tofauti ya mtu mmoja.

Mpokeaji figo: Mimi ningeuliza matokeo ya miaka mitano, na nani hufuatilia vipimo. Mwezi wa saba kreatinini yangu, yaani taka ya damu ambayo figo huichuja, ilipanda bila maumivu yoyote. Hospitali ilinipigia simu jioni ileile, kesho yake nikatolewa kinyama cha figo kwa uchunguzi, na dawa zikabadilishwa kabla figo haijaharibika.

Mwenye uzi: Nawashukuru sana. Nimepiga simu: ile ya 97 ilihesabu wagonjwa 31, na wote walipewa figo na ndugu zao. Ya pili itanijibu Jumatatu, na nimewauliza pia hali za watoaji wao.