Usingizi umenikimbia, na Jumatatu chuo kinafunguliwa

Mwanafunzi, Sinza
Jumanne, 26 Mei 2020

Assalaam aleikum ndugu zangu wa Pwani mlioko Dar. Idi njema, ingawa imeshapita.

Mimi ni wa Likoni, nasoma hapa. Vyuo vilipofungwa Machi kwa ajili ya korona nikasema nisubiri kidogo nione mambo yanaelekea wapi. Mara kaunti ya Mombasa ikafungwa, halafu tarehe 16 mwezi huu Kenya ikafunga mpaka wa Tanzania, nami niliazimia kupita Horohoro nikale Idi nyumbani. Idi nimeila peke yangu chumbani.

Shida yangu ni usingizi. Unanijia alfajiri, naamka adhuhuri imepita. Chakula sikitamani. Huko nje watu wanaendelea na shughuli zao, mimi nimejifungia kwa kuwa mama amenisihi nisitoke. Jumatatu vyuo vinafunguliwa, na nikifikiria tu kusimama kituoni naona baridi mwilini. Mliozoea kukaa mbali na kwenu, mnafanyaje?

---

Dada wa Magomeni
Jumanne, 26 Mei 2020, usiku

Waaleikum salaam mdogo wangu. Pole sana, tena sana. Nimeusoma ujumbe wako mara mbili, maana na mimi nimejifungia tangu mwisho wa Machi. Nina pumu, sikutaka kubahatisha.

Hapo uliposema watu wa nje wanaendelea na shughuli zao ndipo panapouma. Nyumbani Kenya kafyu ni ya wote: ikifika saa moja jioni kila mtu yuko ndani, na hata ukinung'unika unanung'unika na jirani. Hapa hakuna amri ya kukaa ndani. Unajifungia mwenyewe, na dirishani unasikia bodaboda, muuza samaki, watoto wanacheza. Ramadhani nzima nilikuwa nasikia tarawehe ya msikiti wa mtaani, nami nasali chumbani. Nilihisi kama dunia imenipita na hakuna aliyeona kwamba sipo.

Wiki ya pili ya Mei nilizama. Mama yangu yuko Mji wa Kale, Mombasa, na tarehe 6 serikali ilipiga marufuku kuingia na kutoka pale. Siku tatu sikubadilisha dera, pazia sikulifungua, nikawa nafuturu mkate mkavu na chai. Siku ya nne jirani wa chumba cha mbele akagonga. "Dada, mbona mlango wako hatuusikii?" Mdogo wangu, nililia. Hakuingia. Aliweka kiti chake huku uani, changu kule karibu na karo, akanipa ungo wa mchele nichambue, yeye akakatakata mchicha. Tulikaa hivyo mpaka karibu na magharibi, hatukuzungumza la maana. Usiku ule nililala.

Kwa hiyo la kwanza nakuomba, kesho mwambie mtu mmoja wa nyumba hiyo, mwenye nyumba au mpangaji mwenzio: mimi nipo peke yangu, msiposikia mlango wangu mpaka saa nne, nigongeeni. Usione haya. Kujikinga ni kukaa mbali kwa hatua mbili tatu na kuvaa barakoa, si kukaa bila kujulikana.

Usingizi sasa. Usihangaike na saa ya kulala, shika saa ya kuamka. Weka saa kumi na mbili na nusu, hata kama umelala saa moja tu, na ukiamka toka uani upate jua la asubuhi usoni, nusu saa. Mwanga wa asubuhi ndio unaouambia mwili kwamba siku imeanza, na usiku usingizi utakuja wenyewe. Siku mbili za mwanzo utazunguka kama mlevi. Vumilia, mchana usijilaze, na kitanda kisiwe meza yako ya kusomea. Simu ichaji mbali, mahali ambapo lazima uinuke kuifuata. Mimi baada ya sala ya alfajiri natoka Mapipa mpaka Mwembechai kwa miguu na kurudi, barabara bado nyeupe.

Habari nasikiliza mara moja, jioni. Shirika la Afya Duniani lenyewe lilishauri tangu Machi tusizifuate zaidi ya mara moja au mbili kwa siku. Kwetu sisi ni mzigo maradufu: Kenya inatoa hesabu kila alasiri, hapa takwimu zilikoma tarehe 29 Aprili, na katikati ya hizo mbili WhatsApp inajaza uvumi. Nimejitoa makundi manne. Hakuna kilichoharibika.

Nyungu, kule kujifukiza mvuke wa majani, sitakukataza kama unajisikia vizuri nayo, lakini haiui kirusi, na watu wanaungua na maji yale. Mimi ilinibana kifua nikaiacha siku hiyo hiyo.

Na mama. Usimpigie ukiwa umeelemewa tu, atakusikia sauti na yeye hatalala. Sisi tumeweka alasiri, kila siku. Tulipomaliza maneno tuliona tunarudia "mko salama? tuko salama," basi siku hizi anaweka simu karibu na jiko na kila mtu anafanya kazi yake. Juzi, Idi yenyewe, nimesikia kaimati zikitumbukia kwenye mafuta moja moja, na yeye akihesabu. Nami nilikuwa nakaanga zangu (hapa wanaziita kalimati). Bando ya saa moja inatosha. Akikutumia hela, M-Pesa ya huko inafika hapa, usikae na njaa kwa kumwonea huruma.

Ila kama wiki mbili zitapita huli wala hulali, au fikra za kutotaka kuishi zikuingie, usingoje jibu la barua. Nenda hospitali. Muhimbili wana madaktari wa afya ya akili. Niambie, nitakusindikiza, nitavaa barakoa yangu.

---

Kaka wa Temeke
Jumatano, 27 Mei 2020

Bwana mdogo, dada amesema yote, mimi naongeza la kituoni. Usingoje Jumatatu. Alhamisi nenda mpaka kituoni, simama dakika tano, rudi. Ijumaa panda daladala yenye nafasi, kaa dirishani, lifungue, shuka kituo cha pili. Jumatatu utakuwa umeshazoea. Beba kichupa cha sabuni ya maji, ndoo za vituoni mara nyingi maji yapo, sabuni imekwisha.

---

Mwanafunzi, Sinza
Alhamisi, 28 Mei 2020

Dada, kaka, ahsanteni. Leo nimeamka saa kumi na mbili na nusu, kichwa kizito kama jiwe. Nimekwenda kituoni, nimesimama mpaka daladala tatu zikapita. Mama mwenye nyumba nimemwambia. Ameniuliza nakula nini, nikanyamaza, akaniletea uji.

Alasiri nampigia mama. Sijui kaimati zinakandwa vipi, nitamuuliza tukiwa jikoni.