Kila nikimtaja rubani wa Vasco da Gama, kuna mtu anafuta

Kijana wa Shela (Malindi)
Asalaam aleikum. Mimi huwatembeza wageni kwenye nguzo ya Vasco da Gama hapa Malindi, na usiku nikipata bando naandika Wikipedia ya Kiswahili. Juzi niliandika kwamba rubani aliyemvusha Vasco da Gama kutoka kwetu hadi Calicut, India, mwaka 1498 ni Ahmad ibn Majid, yule baharia mashuhuri wa Kiarabu. Mtu akafuta, akaweka "rubani Mgujarati". Nikarudisha. Akafuta. Jana tumetenguana mara nane mpaka simu ikazima chaji. Habari hii nimeipata kwa babu yangu, nahodha wa jahazi, sikuiokota njiani. Nifanyeje aniachie ukurasa?

Upepo wa Kusi
Mripoti kwa wakabidhi, wale wasimamizi wa Wikipedia, wamfungie. Watu wa mbali wasituandikie historia.

Bi Mkomani (Lamu)
Waaleikum salaam mwanangu. Usimripoti. Ukienda na matenguo manane mkononi, mtafungiwa nyote wawili. Wikipedia ya Kiingereza imeliandika wazi: ukitengua zaidi ya mara tatu katika ukurasa mmoja ndani ya saa 24, unaweza kufungiwa hata kama hoja yako ni ya kweli. Huku kwetu wakabidhi ni wachache, na kazi yao si kuamua rubani alikuwa nani. Mkabidhi anaweza kuukinga ukurasa usihaririwe, na huenda akaukinga ukiwa na maneno ya mwenzio.

Mimi nilivutana na mtu majuma mawili juu ya milango ya kuchonga ya hapa Lamu. Siku nilipoingia ukurasa wa majadiliano nikamwuliza amesoma wapi, nikakuta ana kitabu ambacho sijapata kukiona. Majuma mawili yamekwenda bure.

Sasa suala lako. Habari ya Ibn Majid imo kwa Qutb al-Din al-Nahrawali, mwandishi wa Makka wa karne ya 16, aliyeandika miaka mingi baada ya safari. Shajara ya safari yenyewe yasema tu kwamba mfalme wa Malindi aliwapa rubani, na Wareno wakamdhani Mkristo. João de Barros, mwanahistoria Mreno, anamwita Malemo Cana, Mwislamu wa Gujarat. Hapo tega sikio, wewe mjukuu wa nahodha: "Malemo" ni maalim, mjuzi wa njia za bahari. Ni cheo, si jina la mtu! Wanahistoria wengi wa leo hawakubali kwamba rubani yule ni Ibn Majid. Kwa hiyo mwenzio ana msingi, na wewe hukuzua. Andikeni nani kasema nini, na alisema lini.

La babu yako linaniuma, maana elimu ya manahodha wetu nyingi haikuingia kitabuni. Lakini Wikipedia haipokei neno ambalo msomaji hawezi kulikagua. Mrekodi angali na nguvu, habari zake zichapishwe mahali panapoaminika, ndipo zinukuliwe.

Upepo wa Kusi
Nimesoma, Bi. Naondoa neno langu la kumfungia.

Kijana wa Shela (Malindi)
Shikamoo Bi. Nimeandika kwenye majadiliano baada ya swala ya alfajiri, nikatia sahihi, nikamwomba radhi kwa ya jana. Akajibu kabla ya saa nne. Kumbe ni mwanafunzi wa historia, na Barros amemsoma. Tumeafikiana hivi: "Mfalme wa Malindi aliwapa rubani. Barros anamwita Malemo Cana wa Gujarat. Al-Nahrawali anasema alikuwa Ahmad ibn Majid, dai ambalo wanahistoria wengi wa leo wanalipinga." Yeye ndiye aliyeiweka, mimi nikaongeza maelezo ya neno maalim kule kwenye majadiliano, tutafute kwanza chapisho la kulitegemeza.

Kesho nina wageni nguzoni, nitawaeleza hivyo hivyo. Ijumaa nakwenda kwa babu na simu iliyojaa chaji.

Bi Mkomani (Lamu)
Marahaba mwanangu. Mwulize na majina ya nyota walizofuata usiku, moja moja, na namna anavyoyatamka yeye.