Malaria positivu lakini pumzi 32, nilikosea kumrefa?

Nesi_wa_Ahero:
Habari zenu wenzangu, hii kitu imenisumbua tangu Jumanne na nataka mnijibu ukweli ata kama nilikosea. Mimi ni nesi kwa dispensari ya levo 2 huku upande wa Ahero. Hiyo siku inchaji alikuwa mkutanoni taoni, mwenzangu ameenda chanjo za watoto vijijini, nimebaki mimi na mwanafunzi mmoja wa atachimenti na foleni imefika nje kwa mwembe.

Akaletwa baba wa miaka 48, mkulima wa mpunga, na mkewe kwa boda. Ameishiwa nguvu, anatapika tangu jana yake, tumbo linamuuma. Mke anasema malaria imemkataa, eti wiki mbili zilizopita alimeza AL, vidonge vya malaria, akamaliza dozi yote, akapata nafuu siku kadhaa halafu akaanza kukonda. Nikafanya RDT, kile kipimo cha haraka cha malaria, positivu. Sasa nyinyi mnajua huku kwetu, ukiona laini ya pili kazi imeisha, unaandika AL unaita mwingine. Mkono wangu ulikuwa ushafika kwa pakiti.

Kilichonisimamisha ni chupa. Alikuwa na chupa ya maji ya lita mbili kwa mapaja, anakunywa, anatapika kwa karai, anafuta mdomo anakunywa tena. Nikamuuliza mke anakojoa aje, akacheka akasema usiku hawalali. Nikaangalia rejista, mwanafunzi ameandika pumzi 18. Nikapanda juu kidogo, kila mtu ni 18, 20, 18, 18, ata ile nyanya ya nimonia ya asubuhi ni 18! Nikakaa chini nikahesabu dakika nzima nikapata 32, tena zile za kuvuta ndani sana kama mtu ametoka kukimbia, na kifua kikisikika safi kabisa. Oksijeni 98, pulsi 124, presha 104/66, joto 37.4.

Glukomita tunayo, stripi ziliisha kitambo. Nikaenda rumu ya ANC, kliniki ya wajawazito, nikachukua dipstiki ya mkojo, ile ya vitu kumi: sukari plasi tatu, ketoni plasi tatu, yaani huenda ni ugonjwa wa sukari na asidi imejaa mwilini. Nikaweka kanula, nikafungulia lita ya kwanza ya normal saline iingie kwa saa moja, nikapigia ambulensi.

Inchaji kurudi jioni, moto! Eti nimemaliza dipstiki za kina mama, eti malaria ilikuwa imeonekana na dawa iko, gari ya nini. Mngefanya aje?

CO_Kakamega:
Sista hukukosea, na wacha nikuonyeshe mahali hesabu ya inchaji inaanguka. Hiyo RDT inatafuta protini ya kimelea na hiyo protini inaweza kubaki kwa damu wiki kadhaa baada ya dawa kuua vimelea vyenyewe. Mtu aliyemaliza AL wiki mbili zilizopita akitoka positivu leo, hujajua kama ni malaria mpya ama ni mabaki ya ile ya zamani, huyo ni wa slaidi kwa maikroskopu.

Lakini ata tuseme malaria ni ya ukweli. Mtu mzima mwenye malaria, anatapika kila kitu na anavuta pumzi ndefu mara 32, hiyo si malaria ya vidonge tena, ni kali, na mwili umejaa asidi. AL utampa aje na inarudi kwa karai? Huyo ni wa sindano ya kwanza ya atesuneti, dawa ya malaria kali, 2.4 mg kwa kila kilo, halafu gari. So ikiwa ni malaria anaenda, ikiwa ni ugonjwa wa sukari anaenda, ikiwa ni zote mbili ndio kabisa, maana malaria inaweza kuamsha hiyo ya sukari. Hukuhitaji kujua ni gani ndio ujue anaenda. Mimi ningempa hiyo atesuneti kabla ya gari, hapo tu ndio ningeongeza.

Mtu_wa_Nakuru:
Mimi nitaongea tofauti kidogo msinipige mawe. Nimefanya levo 3 huku Nakuru na nimeona manesi wanarefa kila kitu, gari inaenda na mtu wa gesi tumboni na saa hiyo hiyo kuna mama anavuja damu hakuna gari. Kwa hii kesi sawa, ketoni plasi tatu siwezi bishana. Lakini ulipigia CO (clinical officer) yeyote kabla ya kuweka dripu? Uliandika saa? Kitu ikienda vibaya ni jina lako liko kwa faili si la inchaji. Na usikimbilie insulini ata ukiwa nayo kwa friji, potasiamu yake huijui na insulini inaishusha zaidi, unaweza kumsimamisha moyo hapo hapo. Maji na gari, basi.

Sista_Mstaafu:
Binti yangu, mimi nimefanya hii kazi miaka 31, nyingi zikiwa Kisumu, na hiyo 18 naijua, ilikuwepo kabla uzaliwe. Watu hawahesabu pumzi kwa sababu inataka dakika nzima na foleni inakuangalia. Mimi wanafunzi wangu nilikuwa nawaambia shika mkono wa mgonjwa kama unapima pulsi, macho yako yawe kwa kifua, usimwambie unahesabu pumzi maana akijua anabadilisha. Mtu mzima akipita 22 na hajatoka kupanda mlima, huyo usimpeleke kwa benchi.

Huyo wa Nakuru pia ana maana kwa kuandika. Fomu ya rifero isiseme tu "malaria, mgonjwa sana". Andika vipimo vyote na saa ulivyovipima, dripu ngapi imeingia, kipi hujapima kwa kukosa stripi. Halafu piga simu kule anakoenda, usiachie dereva aeleze.

Na mwanafunzi usimgombeze mbele ya watu. Mkalishe na saa ya mkono ahesabu watu kumi.

Nesi_wa_Ahero:
Asanteni sana. Mtu wa Nakuru, nilipigia CO wa levo 4 jirani mara mbili hakushika, hiyo nimeandika na saa. Atesuneti nakubali, haikuniingia kichwani na ilikuwa kwa kabati.

Feedibaki: jana mkewe amepita hapa akitoka kumuona. Walimpeleka Russia, ile hospitali kubwa ya rufaa ya Kisumu, sukari ya damu ilikuwa juu sana, 29, slaidi ikatoka bila kimelea hata kimoja. Bado yuko wodi lakini anakula na anaulizia mpunga wake kama ndege wamemaliza.

Halafu mama akafungua mkoba akanionyesha pakiti mbili za glukosi ya unga, ile ya dukani. Tangu AL iishe alikuwa anamkorogea asubuhi na jioni na soda juu ndio apate nguvu, na sasa anataka kujua kama azipeleke wodini. Nilibaki naangalia tu hizo pakiti. Nikamwambia aniachie.

Inchaji bado hajanisalimia. Dipstiki zimebaki nne na kliniki ya ANC ni kesho, kuna mtu wa karibu na Awasi ama Katito anaweza kutukopesha kopo moja?

CO_Kakamega:
Mimi niko mbali, lakini kuna mwenzangu Katito. Angalia inbox.