Nani huwakagua maafisa wa ujasusi, na mlalamishi aende wapi?

Mhudumu wa Kariobangi

Hamjambo nyote. Mimi hujitolea katika kituo cha haki za jamii hapa Kariobangi, na kila Jumamosi tunawaeleza wakazi namna ya kuwasilisha malalamiko dhidi ya polisi. Kazi hiyo ina njia inayojulikana, kwa kuwa tangu 2012 tuna IPOA, mamlaka huru ya kuwakagua polisi wa Kenya, ambayo mwananchi wa kawaida anaweza kuifikia. Juma lililopita, hata hivyo, mama mmoja aliniuliza swali lililonishinda. Watu waliofika kwa jirani yake kuuliza habari za mwana wa mama huyo hawakuwa na sare, hawakutaja kituo wala nambari ya kazi, na alipokwenda kwa polisi aliambiwa kuwa hao si watu wao.

Je, ikiwa walikuwa maafisa wa ujasusi, mama huyu aende wapi? Nimesoma Kifungu cha 238 cha Katiba, kinachosema kuwa usalama wa taifa uko chini ya mamlaka ya Katiba na ya Bunge, lakini sikuona ofisi ambayo ningemwelekeza. Naomba anayeifahamu sheria anieleze kama ofisi hiyo ipo, na kama haitoshi, tudai nini.

Wakili, Upper Hill

Ndugu Mhudumu, asante kwa kulileta jambo hili. Ofisi ipo kwenye maandishi. Sheria ya Idara ya Ujasusi ya 2012 iliunda Bodi ya Malalamiko, ambayo mwenyekiti wake sharti awe na sifa za kuteuliwa kuwa jaji wa Mahakama Kuu, na mtu aliyedhulumiwa na kitendo cha afisa wa idara ana haki ya kuiandikia. Sheria hiyo pia inaiweka idara chini ya uangalizi wa kamati ya Bunge, na inataka kibali cha Mahakama Kuu kabla ya mawasiliano ya mtu kuingiliwa.

Kasoro ninayoiona iko katika namna vyombo hivi vinavyopata habari. Bodi inangoja lalamiko, ilhali anayefuatiliwa kwa siri hajui kwamba anafuatiliwa, kwa hivyo hana la kuandika. Jaji anayeombwa kibali husikia upande mmoja tu, kwani mhusika hawezi kuitwa bila siri kufichuka, na kibali kikishatolewa ni vigumu kwake kujua kilivyotumiwa. Wabunge nao hutegemea sana yale ambayo idara yenyewe imeamua kuwaeleza.

Afrika Kusini imeligusa jambo hili kwa njia mbili zinazostahili kusomwa hapa Nairobi. Katiba yao, katika kifungu cha 210, inataka awepo mkaguzi wa kiraia wa idara za ujasusi, anayeteuliwa na rais baada ya kuidhinishwa na angalau thuluthi mbili ya Bunge la Kitaifa, kiasi kwamba chama chenye wingi mdogo hakiwezi kumweka mtu wake peke yake. Pili, Februari 2021, Mahakama yao ya Katiba iliamua kuwa sheria ya kunasa mawasiliano ilikiuka katiba, na sababu mojawapo ni kwamba haikutaka aliyenaswa aarifiwe hata baada ya uchunguzi kwisha. Kesi hiyo ilitokana na mwanahabari Sam Sole, ambaye alipata ushahidi kwamba simu yake ilinaswa pale tu nakala ya mazungumzo yake na mwendesha mashtaka ilipoambatishwa kwenye hati za kesi nyingine kabisa. Asingeiona karatasi ile, angelalamika kwa nani, na kuhusu nini?

Mzee Mstaafu, Buruburu

Wanangu, nimewasoma kwa makini. Nilifanya kazi serikalini kwa miaka mingi, ingawa si katika usalama, na nayakumbuka mambo ya Special Branch, kitengo cha ujasusi cha polisi, na vyumba vya chini vya jengo la serikali la Nyayo House walimoteswa watu katika miaka ya 1980, ambavyo Mahakama Kuu imekuja kuamuru waathiriwa wake walipwe fidia. Kwa hiyo simtetei mtu. Naomba tu msisahau kwamba mkaguzi akisoma faili anasoma pia majina ya watu wanaotoa habari kwa kuhatarisha maisha yao, na jina moja likivuja, mtu anakufa. Mkaguzi awe na kiapo na adhabu sawa na maafisa wenyewe.

Lakini kuna upande ambao sijaona mkiutaja. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, ilikuta kwamba majasusi walikuwa wameonya mapema, na maonyo yao hayakufanyiwa kazi ipasavyo. Tume ilihesabu vifo 1,133. Mkaguzi huru, kwa maoni yangu, anapaswa kuuliza pia onyo lilifika mezani kwa nani, na aliyelipokea alifanya nini. Hilo linanikera hadi leo, kwa sababu tunazungumzia ukaguzi kama kwamba kosa la ujasusi ni kusikiliza kupita kiasi tu.

Wakili, Upper Hill

Shikamoo, Mzee. Nakubaliana nawe kuhusu kiapo, na hoja ya maonyo sikuwa nimeifikiria. Niongeze moja tu. IPOA haivuki mpaka wa polisi, ilhali operesheni nyingi siku hizi hufanywa na vikosi vya pamoja, na faili likihamia idara nyingine mchunguzi hubaki nje. Kanada, mnamo 2019, iliunda chombo kimoja kinachokagua shughuli za usalama katika idara zote, chenye haki ya kuona habari yoyote isipokuwa siri za Baraza la Mawaziri. Hicho ndicho ningekidai kwetu.

Mhudumu wa Kariobangi

Nawashukuru sana, na hasa Mzee. Kwa kuwa hatujui waliofika walikuwa akina nani, Jumamosi nitamsaidia mama huyo kuandika barua mbili, moja kwa IPOA na nyingine kwa Bodi ya Malalamiko, zenye tarehe, saa na maelezo ya jirani aliyewaona kwa macho yake. Nakala tutazigongesha mhuri wa kupokelewa. Bodi ikijibu, au ikinyamaza, nitarudi hapa kuwaeleza ni siku ngapi zilizopita.