Tupeane uzoefu: gari la dizeli la fo-wili lililotumika, ulikutana na nini baada ya kulinunua?

Mwanzisha mada

Ndugu wanachama, habari za wakati huu. Mada za kuuliza ni gari gani linunuliwe ni nyingi, lakini za yale yanayofuata baada ya kadi kubadilishwa jina ni chache, nami naona huko ndiko fedha zinakoishia. Naomba wenye magari ya dizeli ya fo-wili (yanayosukumwa na magurudumu yote manne) yaliyokwisha kutumika waeleze kitu gani kiliharibika, chanzo kilikuwa nini, na fundi aligundua vipi. Sifa za kampuni tuziache, kwa kuwa kila mtu hulisifu gari lake.

Nianze mimi. Langu lina injini ya zamani ya silinda sita isiyo na tabo, yaani kile kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini. Muuzaji alipolileta niligusa boneti kwanza, nikaikuta ina moto, hivyo nikamwomba alilaze hadi asubuhi. Injini ya dizeli haina cheche; dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na hewa hiyo ikiwa inavuja kwenye ringi au valvu zilizochakaa, injini iliyopoa ndiyo itakayokuonyesha. Asubuhi iliwaka kwa kutetemeka, ikatoa moshi mweupe kidogo kisha ikatulia, na ikabainika kwamba baadhi ya plagi za kupasha joto zilikuwa zimekufa, jambo ambalo si la kumtisha mtu. Kisha fundi alifungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inaunguruma, akakilaza kichwa chini juu ya tundu lake. Kilitikisika tu, hakikurushwa, ishara kwamba hewa haivuji sana kupita kwenye ringi. Jaribio hilo nililiamini kuliko kilometa za kwenye dashibodi, ambazo wajanja wanajua kuzirudisha nyuma.

Mchangiaji wa kwanza

Nashukuru kwa mada, mkuu. Kwangu tatizo lilikuwa joto. Gari langu ni la silinda nne lenye tabo, hedi (sehemu ya juu ya injini) ni ya aluminiamu na bloku (sehemu ya chini yenye silinda) ni ya chuma, na lilikuwa linapandisha joto kwenye milima mirefu peke yake. Kwenye tambarare mshale wa geji haukusogea kabisa. Mafundi wawili walinishauri nibadilishe rejeta inayopoza maji ya injini. Wa tatu hakusema neno. Alizima injini ikiwa ya moto, akaizungusha feni kwa mkono, nayo ikazunguka kilaini bila ukinzani wowote, ilhali feni ya aina ile hutakiwa kukaza injini inapopata joto. Mafuta ya silikoni yaliyomo ndani ya klachi ya feni, ambayo ndiyo huikaza, yalikuwa yamevuja yote. Baadaye alitenganisha kondensa ya AC na rejeta, na katikati yake tukakuta zulia la matope na mbegu za nyasi ambalo kwa mbele halikuonekana hata kidogo.

Isitoshe, tamostati, yaani valvu inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata joto, ilikuwa imetolewa na mmiliki aliyetangulia, na hili wengi hulifanya wakidhani wanaipoza injini. Katika injini nyingi tamostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na mlimani joto hupanda upesi zaidi. Tukumbuke kwamba aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma, ndiyo maana gasketi iliyo kati ya hedi na bloku huungua na hedi hupata ufa. Geji nayo isiaminiwe kupita kiasi, kwa sababu inapima maji, na maji yakiisha mshale unaweza kushuka wakati injini inaungua.

Mchangiaji wa pili

Naongezea upande wa mafuta. Gari langu ni la mfumo wa kisasa wa komoni reli, ambamo dizeli husukumwa kwenye bomba moja la pamoja hadi kwenye nozeli (vinyunyizio) kwa mgandamizo unaoweza kuzidi bari 1,600, na pampu yake hulainishwa na dizeli hiyo hiyo. Maji yakiingia, ulainishaji hupotea, pampu hujikwangua, na vumbi lake la chuma huenda kuua nozeli zote. Kwa hiyo kila ninapofanya sevisi nafungua koki iliyo chini ya filta ya dizeli, nakinga kwenye chupa angavu na kuiacha itulie, na maji hujitenga chini yakionekana kwa macho. Taa ya maji kwenye dashibodi ikiwaka, mimi husimama hapo hapo. Wenye injini za zamani wana unafuu mkubwa kwenye jambo hili, ingawa nao wasijisahau.

Mchangiaji wa tatu

Wengi humaliza fedha kwenye injini na kusahau difu, yaani sanduku la gia lililo kati ya magurudumu kwenye eksili. Langu lilianza kulia nyuma kwa sauti nyembamba, na fundi alipofungua nati ya oili ya difu, kilichotoka kilikuwa cheupe kama chai ya maziwa. Sili zinazozuia oili kuvuja zilikuwa nzima. Tatizo lilikuwa kipumulio, yaani kile kibomba kidogo kilicho juu ya eksili, ambacho kilikuwa kimeziba kwa udongo. Difu lenye joto likitumbukia kwenye maji baridi, hewa ya ndani husinyaa, na isipopata pa kuingilia huvuta maji kupitia kwenye sili. Nilifunga mpira mrefu hadi juu chini ya boneti, na tangu hapo oili hutoka na rangi yake.

Jambo jingine ni kwamba gari lisilo na difu la katikati (kati ya eksili ya mbele na ya nyuma) lisiendeshwe kwenye lami kavu fo-wili ikiwa imeingizwa. Kwenye kona magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, na tofauti hiyo isipopata pa kutokea huishia kwenye transfa (sanduku linalogawa nguvu mbele na nyuma) na kros, yaani viungo, za propela, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye difu.

Mwanzisha mada

Ahsanteni sana. Je, kuna aliyeharibikiwa na tabo akiwa njiani? Naona hakuna aliyeigusa.

Mchangiaji wa nne

Nipo. Nilikuwa napanda mlima, injini ikaanza kuongeza kasi yenyewe bila mimi kukanyaga mafuta, na moshi mzito wa bluu ukafunika barabara nyuma yangu. Nilizima swichi, haikuzimika, kwa sababu ilikuwa haitumii tena dizeli. Ilikuwa inakunywa oili yake yenyewe iliyovujia kwenye njia ya hewa kupitia tabo. Niliweka gia ya tano, nikakanyaga breki kwa nguvu zote na kuachia klachi, ikazimika kwa kishindo. Mwenye gia ya otomatiki hana njia hiyo, na itambidi azibe mdomo wa hewa kwa ubao au kitu kingine kigumu. Mkono au kitambaa vitavutwa ndani.

Fundi alikuta bomba jembamba linalopeleka oili kwenye tabo limeziba kwa masizi, na shafti ya tabo, ambayo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ilikuwa imechezacheza hadi kula sili. Niliweka tabo nyingine, lakini kwanza tulibadilisha bomba hilo na kushusha sampu (bakuli la oili chini ya injini) tukaisafisha, maana tabo mpya ikifungwa kwenye bomba la zamani hufa kwa ugonjwa ule ule.