Mjadala: Tukiambiwa tuvae barakoa, tuambiwe na kwa nini

Wakuu, kila Korona inapotajwa hapa Arusha kuna hoja inarudi: wataalamu walitugeuka, leo usivae, kesho vaa, kwa hiyo gonjwa lingine likija kila mtu ajiamulie. Nusu ya kwanza naikubali. Hiyo ya kujiamulia naipinga kabisa.

Ushauri kweli uligeuka. Mwanzoni mwa 2020 Shirika la Afya Duniani lilisema asiyeumwa hana haja ya barakoa. Tarehe 5 Juni mwaka huo huo likashauri raia wavae za kitambaa pale maambukizi yalipoenea na kukaa mbalimbali ni shida. Awali za hospitali zilikuwa adimu na manesi walizihitaji zaidi. Baadaye ikazidi kudhihirika kwamba mtu huambukiza hata kabla hajaanza kukohoa. Sababu nzito hizo. Nani alizisikia pale stendi?

Na sisi hatukuwa mbali na jambo hili: mgonjwa wa kwanza nchini, aliyetangazwa Machi 16, 2020, alishukia KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, jirani na hapa Arusha.

Kilichotufikia ni amri. "Hakuna barakoa, hakuna huduma." Basi barakoa ikawa kibali cha kupita mlangoni. Nimeona mjini mama anatoka ofisini, anaivua, anampa anayesubiri nje, naye anaivaa ikiwa bado na unyevu wa pumzi za mwenzake. Kwenye vifodi vya Ngaramtoni konda anaishusha kidevuni ili aite abiria, yaani wakati ule ule mate yanaporuka zaidi. Siwalaumu hata kidogo. Hawakuelezwa kwamba kazi kubwa ya kitambaa kile ni kuzuia matone yako yasimfikie mwenzio, wala kwamba kilichoshauriwa ni tabaka tatu, huku mitaani zikiuzwa za kitenge cha tabaka moja.

Wapo wanaosema mwananchi akipewa maelezo mengi anachanganyikiwa, bora amri fupi. Machi 2023 ulitangazwa ugonjwa wa Marburg kule Kagera, na ule hupita kwenye majimaji ya mwili wa mgonjwa au maiti. Mtu aliyefundishwa amri ya barakoa bila sababu yake angefunika pua vizuri, kisha akaosha maiti ya ndugu yake kwa mikono mitupu. Wenye hoja ya amri fupi, huyo mngemwokoaje?